Uzi: Filamu za riwaya za fantasia. Kateni sura mtakazo, ila msimbadilishe mtu nafsi yake

Msomaji wa Nyawera (Bukavu)

Ndugu zangu wapenda vitabu, wa hapa Bukavu, wa Goma, wa Lubumbashi na mnaotusoma kutoka mbali, karibuni. Jambo hili limenikaa kooni muda mrefu, naomba tulijadili kwa kirefu.

Kila riwaya ya fantasia tunayoipenda inapotengenezewa filamu, malalamiko yetu huanzia palepale: wameruka hiki, wameacha kile. Kwenye Le Seigneur des anneaux ya Tolkien wamemwacha Tom Bombadil. Kwenye Harry Potter, filamu zote 8 kuanzia 2001 hadi 2011, hutamwona mzuka Peeves akiwasumbua wanafunzi wa Poudlard, shule ya uchawi, kwenye korido. Mimi hayo hayaninyimi usingizi. Kitabu cha kurasa zaidi ya elfu hakiingii kwenye saa tatu kikabaki kizima, na anayedai hivyo hajawahi kujaribu kumsimulia mwenzake kitabu njiani kutoka Place de l'Indépendance hadi Kadutu. Lazima uache vitu.

Ninachodai ni kimoja. Mtu wa kitabuni akitenda jambo kwa sababu fulani, filamu isimnyang'anye sababu hiyo. Mnyimeni sura nzima, mnyimeni rafiki, hata farasi wake, lakini mwacheni na nafsi yake.

Mfano unaoniuma kuliko yote ni Faramir wa Le Seigneur des anneaux. Kitabuni yeye ni kapteni wa askari; anawakamata Frodo na Sam, wasafiri wawili wanaobeba kwa siri pete yenye nguvu mbaya, msituni Ithilien, anawapeleka pangoni nyuma ya maporomoko ya maji, anawalisha. Katika mazungumzo ameshasema kwamba kitu wanachokibeba hata akikikuta kimelala barabarani hatakiokota. Wakati huo hajui ni kitu gani. Halafu Sam anaropoka, siri inatoka. Faramir anainuka, mrefu, macho yanametameta. Frodo na Sam wanaruka kutoka kwenye viti vyao, migongo ukutani, wanapapasa mipini ya mapanga. Pango zima linanyamaza, askari wanageuka kuwatazama. Na yule bwana anaketi tena kitini mwake, anacheka polepole. Kisha anarudi kwenye neno lake: nilisema sitakiokota, basi nitalishika hilo kama kiapo. Asubuhi anawapa chakula cha njiani na fimbo za kutembelea, wanaenda zao.

Filamu ya 2002 imemfanya nini? Anawafunga mikono, anawaburuta hadi Osgiliath ili pete ipelekwe kwa baba yake, na anawaachia mwishoni kabisa, mji ukiwa tayari unabomoka. Faramir wa filamu anajifunza. Yule wa kitabu alikuwa anajua tangu mwanzo. Hao ni watu wawili tofauti.

Na kwetu huku jambo hili si dogo. Sisi tunajua maana ya mtu mwenye silaha, mwenye vijana wake nyuma, aliyesimama njiani mbele ya wasafiri wawili wasio na wa kuwatetea, akiwa na kila nafasi ya kuchukua, halafu akawaambia: piteni. Mtu wa namna hiyo akiandikwa kitabuni, mimi nataka nimwone vilevile kwenye skrini.

Kijana wa Kadutu

Mukubwa, nakuheshimu, lakini hapa nakupinga mwanzo hadi mwisho.

Filamu ya kwanza nzima inatufundisha kwamba pete ile haina mchezo. Mchawi Gandalf anaogopa kuigusa. Galadriel anatetemeka mbele yake. Boromir, mwanajeshi, kaka yake Faramir, imemvunja. Tumekaa saa nyingi tukijengewa hofu hiyo, halafu katikati ya filamu ya pili aje kijana aseme "mimi sina haja nayo" na apite? Hofu yote ingemwagika chini. Fran Walsh na Philippa Boyens, walioandika mswada pamoja na Peter Jackson, walitoa sababu hiyohiyo, na mimi naona walikuwa sahihi. Tena kuna jambo la ujenzi. Yule buibui mkubwa, Shelob, kitabuni yuko mwisho wa sehemu ya pili, lakini kwenye sinema wamemhamishia filamu ya tatu. Sasa Frodo na Sam wangemaliza filamu ya pili na nini? Na kifungua kinywa cha Faramir?

Mimi niliiona kwenye chumba cha video, sauti ya Kifaransa, tumebanana kwenye mabenchi, jenereta inanguruma nje. Pale Osgiliath Sam anapoanza kusema kuhusu zile hadithi za zamani, ambazo watu wake walikuwa na nafasi nyingi za kurudi nyuma na hawakurudi, hakuna aliyekohoa. Faramir anasikiliza naye. Ungeniuliza mimi, Faramir aliyeshawishika akashinda ana uzito kuliko aliyezaliwa ameshinda.

Kitabu kinaweza kuniambia mtu anawaza nini. Kamera ina uso tu.

Mama Vitabu (Bukavu, Muhumba)

Watoto wangu, bishaneni kwa adabu, mnanifurahisha.

Mimi nimesimamia maktaba ndogo kwa miaka mingi na neno langu ni hili: filamu ikimleta mtoto kwenye kitabu, nimeshaisamehe nusu ya makosa yake. Zipo ambazo sijazisamehe. Les Royaumes du Nord ya Philip Pullman mnaijua? Filamu yake ilitoka 2007. Kitabu kinaisha kwa Lyra kugundua kwamba safari yake yote ya kumwokoa rafiki yake Roger ndiyo iliyompeleka Roger kwenye kifo. Yeye mwenyewe, kwa upendo, amemfikisha mikononi mwa Asriel, baba yake Lyra. Mwisho huo walikuwa wameshaupiga picha. Wakaukata. Filamu inaisha watoto wakiruka angani na matumaini mema. Msichana mmoja alinirudishia kitabu akalia mbele yangu, akaniuliza kwa nini sinema ilimdanganya. Ilibidi wasubiri mfululizo wa televisheni wa 2019 ndipo Roger apate kifo chake.

Msomaji wa Nyawera, huo ukate wa mwisho je, nao unausamehe?

Msomaji wa Nyawera

Mama, huo siusamehi, na wala hauko nje ya dai langu. Ukikata mwisho ule, Lyra hana tena sababu ya kufanya lolote katika kitabu cha pili na cha tatu. Anashuka hadi nchi ya wafu kwa ajili ya nani, kama Roger hajafa? Wameondoa dakika chache tu, wakamwacha binti hana deni moyoni.

Kijana wa Kadutu, kuhusu uso na kamera: uso wa mtu anayeketi tena kitini badala ya kunyoosha mkono, kamera inaweza kuuonyesha vizuri sana. Ni sekunde kumi. Tena ni sekunde za kutisha, kwa sababu mtazamaji ameshamwona kaka yake akianguka. Hofu isingemwagika. Ingeongezeka.

Lushois (Lubumbashi)

Naingia kutoka Lubumbashi. Ninyi wote mnazungumza juu ya matendo ya mtu, mimi naleta mwili wake.

Terremer ya Ursula Le Guin, kitabu cha kwanza kilitoka 1968. Mchawi kijana anaitwa Ged. Rangi yake ni nyekundu ya kahawia. Rafiki yake mkubwa shuleni ni mweusi. Katika visiwa vile karibu wote ni watu wa rangi, na weupe ni Wakargad, wanaokuja na mashua kuvamia na kuchoma vijiji. Le Guin aliyaandika hayo taratibu, bila kupiga kelele, ili msomaji awe ameshampenda Ged kabla hajatambua anampenda nani. Mwaka ule Marekani, kufanya hivyo kwenye riwaya ya wachawi lilikuwa jambo la ujasiri.

Desemba 2004 kituo kimoja cha televisheni cha Marekani kikaonyesha tamthilia yake. Ged ni mzungu. Karibu wote ni wazungu. Wakambakiza Danny Glover awe Ogion, mwalimu wake. Le Guin hakukaa kimya. Mwezi uleule aliandika makala akisema wazi kwamba visiwa vyake vimepakwa chokaa, na kwamba hakushirikishwa katika uamuzi wowote wa maana.

Mimi nilikisoma kitabu hicho kwa Kifaransa nikiwa sekondari, nakala ya kuazima. Nilipofika pale rangi ya Ged inapotajwa nilirudi nyuma nikasoma tena ukurasa. Sikuwa nimewahi kukutana na mchawi wa kitabuni ambaye angeweza kukaa kwenye benchi letu la darasa bila mtu kugeuka. Basi mtu asiniambie kwamba rangi ni "mapambo" na kwamba hadithi ni ileile. Kwangu hadithi haikuwa ileile.

Swali kwa mleta uzi: dai lako la "sababu" linaigusa kesi hii au linaipita pembeni? Maana Ged mzungu wa televisheni naye alifungulia kivuli kiovu kwa kiburi, kama wa kitabuni. Sababu waliiacha palepale.

Kijana wa Kadutu

Yaya, hapo nakuunga mkono. Njo vile.

Msomaji wa Nyawera

Lushois, swali zuri. Jibu langu: sababu ya Ged haikai ndani ya Ged peke yake. Anakua kwenye kijiji cha wachunga mbuzi ambacho Wakargad wanakuja kukichoma, na ukungu anaouita siku ile ndio uchawi wake wa kwanza mkubwa. Kama wavamiaji na wavamiwa wote wana sura moja, uvamizi ule unakuwa tukio tu la kuanzishia filamu. Kwa hiyo ndiyo, linagusa.

Na kwa kuwa umemtaja Le Guin: mwaka 2006 ikatoka filamu ya katuni ya Kijapani, Les Contes de Terremer, ya Goro Miyazaki. Mwanzoni kabisa mwana wa mfalme, Arren, anamchoma baba yake kisu. Kwenye vitabu hakuna. Le Guin aliandika kwamba mauaji yale hayana msingi, yametokea tu. Hata hivyo mwongozaji alipomuuliza ameionaje filamu, alimjibu kwa upole kwamba si kitabu chake, ni filamu ya Goro, na ni filamu nzuri. Mimi najifunza kwake: alimpa mwenzake haki ya kutengeneza kitu chake, halafu akaeleza waziwazi mahali panapovuja. Na mahali alipoweka kidole ni palepale ninapoweka changu: mtu ametenda bila sababu.

Ziwa Kivu (Goma)

Salamu kutoka Goma. Nilikuwa nasoma tu, sasa nimeona Miyazaki mtoto, naomba nimlete Miyazaki baba.

Le Château ambulant, 2004, imetoka kwenye riwaya ya Diana Wynne Jones ya 1986. Nimevisoma na kuviona vyote viwili. Hayao Miyazaki amebadilisha karibu kila kitu. Kitabuni Hauru, mchawi kijana, ametoka Wales, anavuka mlango wa ngome yake anaingia kwenye ulimwengu wetu, kwa dada yake, wapwa wake wanacheza michezo ya kompyuta. Filamu haina hayo. Kitabuni vita ni maneno ya mbali. Kwenye filamu vita ndiyo anga yenyewe: ndege zinadondosha moto, miji inaungua, bendera zinapepea. Miyazaki alisema mwenyewe kwamba alikuwa na hasira juu ya vita vya Iraq. Na Diana Wynne Jones aliipenda filamu.

Kwangu mimi filamu hii iko karibu nami kuliko kitabu. Kuna pale Hauru na Sophie, binti anayeishi ngomeni mwake, wako kwenye uwanja wa maua, pazuri mno, halafu chombo kikubwa cha vita kinapita juu yao polepole. Hauru anaulizwa: ni chetu au cha adui? Anajibu kwamba haina tofauti. Niliposikia jibu hilo nilisimamisha filamu nikatoka nje kidogo. Mtu wa Goma hahitaji kufafanuliwa.

Sasa Msomaji, amebadilisha kila kitu, na bado ni kazi ya ajabu. Sheria yako inasemaje?

Msomaji wa Nyawera

Inasema aksanti kwa mfano huu, maana ni wa kwangu kabisa.

Hauru wa kitabuni ni nani? Ni mtu anayekimbia. Mfalme anataka kumtuma kazi ya hatari, yeye anamtuma Sophie aende kujifanya mama yake ili amharibie sifa mbele ya mfalme, asiteuliwe. Hauru wa filamu? Mfalme anamtaka vitani, anamtuma Sophie aende kujifanya mama yake. Ni yuleyule. Mwoga anayejua ni mwoga, ambaye hataki kumilikiwa na kiti cha enzi chochote, mpaka siku anapopata wa kumlinda. Miyazaki amejenga nyumba mpya kabisa akamhamishia mpangaji yuleyule. Hivyo ndivyo ninavyotaka.

Mwalimu wa Kabare

Nimefuatilia tangu jana. Mleta uzi, unazungumza vizuri, lakini umeanza kwa kusema kukata si kosa. Nitakuonyesha ukate ambao kwangu umeua kitabu.

Mwisho wa Le Seigneur des anneaux. Filamu ya 2003, iliyochukua tuzo 11 za Oscar kati ya 11 ilizoshindania, inawarudisha wahobiti wanne, watu wafupi kina Frodo na Sam, nyumbani, na nyumbani kuko vilevile. Kijani, bia, watu wanacheka. Kitabuni wanarudi na kukuta geti limefungwa. Kuna orodha ya amri ukutani. Mavuno yanakusanywa na kupelekwa kusikojulikana. Miti imekatwa na kuachwa ioze. Baadhi ya wahobiti wenyewe wamegeuka askari wa mabwana wapya. Mabwana hao ni majambazi, na juu yao yuko Saruman, mchawi aliyeshindwa vita vikubwa akaja kujilipizia kwenye kijiji kidogo.

Tolkien aliandika, kwenye dibaji ya toleo la pili, kwamba sura hiyo ni sehemu ya lazima ya hadithi, aliiona tangu mwanzo. Huyu ni mtu aliyepigana Somme mwaka 1916, kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Alijua kurudi ni nini.

Na ndani ya sura hiyo Frodo anafanya tendo lake kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu kubwa kuliko la kule mlimani alikokwenda kuiteketeza pete, maana mlimani alishindwa mwishoni. Anakataza wahobiti wasiuane. Anakataza wanaojisalimisha wasiuawe. Saruman anamchoma kisu, kisu kinavunjikia kwenye vazi la chuma alilovaa kwa ndani, Sam anachomoa upanga, na Frodo anasema: hapana, asiuawe, aende.

Ndugu zangu, tunaishi kwenye mikoa ambako watu wamekimbia vijiji, wakarudi, wakakuta mashamba yao yanalimwa na wengine na kizuizi kimewekwa kwenye njia ya kisimani. Wanangu wanapoiona filamu ile wanadhani ukiwa shujaa, utarudi ukute chungu bado kiko motoni. Kitabu kiliwaambia ukweli. Ukate huo umeondoa sura moja tu, lakini umeondoa ujuzi wote wa kitabu kuhusu kurudi nyumbani.

Kijana wa Kadutu

Papa Mwalimu, salamu zangu na heshima zote. Ila filamu ile ina dakika 201 kwenye toleo la sinema, na baada ya pete kuyeyuka bado inaendelea: kitandani, kutawazwa kwa mfalme, kurudi, harusi ya Sam, bandarini. Watu walikuwa wameshainuka kwenye mabenchi, wakakaa tena, wakainuka. Ungewaambia wakae kwa vita vingine vya nusu saa? Wangeondoka na mabenchi. Ni mwisho wa kitabu, si wa filamu moja. Ungefaa filamu yake peke yake.

Mama Vitabu

Wametengeneza filamu 3 kutoka Le Hobbit, kitabu kimoja chembamba cha watoto cha 1937. Nafasi ilikuwepo, mwanangu. Waliitumia kwingine.

Msomaji wa Nyawera

Papa Mwalimu, hapo tunatofautiana kidogo tu. Mimi ningekubali sura hiyo ikose, mradi Frodo abaki na ule ukatazaji wake. Angeweza kupewa mahali pengine: mbele ya adui mwingine, dakika mbili, anaushusha upanga wa Sam. Kilichokufa ni tendo lake. Geti na orodha ya amri ningevilia, lakini ningevilia kimya.

Mwalimu wa Kabare

Tendo bila mahali pake halina uzito. Kusamehe ugenini ni rahisi. Yeye alisamehe mlangoni kwake, miti yake ikiwa imekatwa. Ukiuondoa mlango, msamaha huo ni wa bei nafuu.

Binti Walikale (Goma)

Kaka zangu, Mama Vitabu, Papa Mwalimu, naomba niseme.

Tangu juzi nasoma majina ya Frodo, Ged, Hauru, na ninawapenda wote. Lakini kila mnapogusa jambo, mimi namwona Mwindo. Mtoto aliyetupwa na baba yake, aliyesafiri chini ya ardhi, aliyerudi nyumbani akalazimika kuamua amfanye nini aliyemtesa. Hadithi ya Wanyanga, ya kwetu Walikale. Aliyeifanya ijulikane ulimwenguni ni mzee Rureke, aliyeimba na kusimulia kwa siku 12 mfululizo mwaka 1956, mtafiti Daniel Biebuyck akiandika. Kitabu kilichapishwa 1969, Biebuyck pamoja na mwanaisimu wetu Kahombo Mateene.

Kwa wasioijua: Shemwindo, mtemi wa Tubondo, ana wake saba na amepiga marufuku mtoto wa kiume. Mwindo anazaliwa akitembea na kuongea, ameshika conga, usinga wake wa uchawi. Baba anamrushia mikuki, anamzika hai, mtoto anatoka. Wanamfungia ndani ya ngoma, wanaitupa majini. Ngoma inaelea, inaimba, inampeleka kwa shangazi yake Iyangura, mke wa Mukiti, joka la maji. Anarudi Tubondo na wajomba na shangazi, radi ya Nkuba, bwana wa radi, inauteketeza mji, na baba anakimbilia chini ya ardhi kupitia mzizi wa mmea wa kikoka. Mwindo anamfuata.

Kabla hajashuka anamwachia shangazi ncha ya kamba. Anamwambia: ukiona kamba haitikisiki tena, ujue nimekufa. Bibi yangu alipofika hapo alikuwa akishika ukingo wa kitenge chake kwa vidole viwili na kukitazama, na sisi tulikitazama pamoja naye. Nipeni mwongozaji anayejua kupiga picha hiyo: mkono wa Iyangura, kamba, hakuna muziki. Sihitaji tuone shimoni kuna nini. Fantasia yote imo kwenye hiyo kamba.

Sasa naleta wasiwasi wangu. Wakija watu wenye pesa, nina hakika watafanya mawili. La kwanza, Mwindo atamuua Shemwindo. Watazamaji wa sinema wamezoeshwa hivyo. Kumbe kwenye hadithi anamkuta, anamrudisha nyumbani, baba anasema makosa yake mbele ya watu wote, wanagawana nchi. La pili, wataishia kwenye ushindi dhidi ya Kirimu, lile dubwana la vichwa saba. Kirimu alikuwa amewameza wawindaji wa Mwindo, Mwindo akamuua, na hapo muziki utapanda, majina yataanza kupita. Lakini hadithi haijaisha! Kirimu alikuwa rafiki wa damu wa Nkuba. Na Nkuba huyu ndiye rafiki wa Mwindo pia. Nkuba anashuka, anampeleka juu angani, mwaka mzima, kwenye baridi. Mvua inamsema, Mwezi unamsema, Jua linamsema. Anarudishwa na sharti la kutoua tena mnyama. Shujaa anaadhibiwa kwa ushujaa wake. Msomaji wa Nyawera, hiyo ndiyo nafsi yake. Ukiikata umebaki na kijana mwenye nguvu tu, na hao wamejaa kila mahali.

Lushois

Nimesoma mara mbili. Hii ya kamba imenikaa.

Ziwa Kivu

Tena inawezekana kutengenezwa kwa pesa kidogo. Kirikou ya Michel Ocelot, 1998, ilichorwa kwa mkono, kutoka hadithi ya Afrika Magharibi, mtoto naye anazaliwa akiongea. Watoto wa Goma hadi leo wanaijua kwa moyo. Haikuhitaji majeshi ya kompyuta. Mwindo wa katuni, waimbaji wetu wenyewe, vijiti vikigongwa nyuma kama kwa wasimulizi wa Kinyanga. Vijana wa kuchora tunao.

Mwalimu wa Kabare

Na baba anaposema makosa yake hadharani, naomba iwe ndefu. Isiwe sentensi moja na kukumbatiana. Aseme kila jambo: mikuki, kaburi, ngoma. Watu wa Tubondo wamekaa, wanasikia. Nimeona watu wengi wakirudi kwenye vijiji vyao, sijaona wengi wakisema hivyo.

Kijana wa Kadutu

Binti Walikale, dada yangu, umenishika. Lakini niruhusu nibaki mtu wa filamu. Ukimuua Kirimu na bado una mwaka mzima wa angani, wa baridi, wa Jua kumsema shujaa, watazamaji watakuwa wamechoka kama kwa Jackson. Kwa nini zisiwe filamu mbili? Ya kwanza inaishia kwa baba na mwana kugawana nchi. Ya pili inaanza na Mwindo kutamani nyama ya nguruwe pori, wawindaji wanaenda, Kirimu, halafu anga. Hapo kila mwisho una mlango wake, kama Papa Mwalimu anavyotaka.

Msomaji wa Nyawera

Filamu mbili naziunga mkono. Mpasuko uko mahali pake: ya kwanza inauliza utamfanya nini aliyekutesa, ya pili inauliza utafanya nini ukiwa mwenye nguvu.

Binti Walikale

Kaka wa Kadutu, mbili ni sawa kabisa, hata bibi alikuwa anaikatia hapohapo tukalale. Ila kama pesa zitatosha moja tu, mimi chaguo langu nimeshalifanya: Kirimu aondoke, baba abaki.

Kijana wa Kadutu

Fantasia bila dubwana la vichwa saba? Hapana, dada, hapo leo hatulali.